Kitambi cha Ukuta

Mimi ni mke wa Timazi, fundi mwashi. Watu walimbatiza jina la ile kamba yenye chuma ya kupimia ukuta kwa sababu, walisema, kuta zake haziendi kombo. Nami nilisema hivyohivyo miaka thelathini, mpaka nilipotengeneza leza.

Msinicheke. Nilichoka kukaa bure. Nikafungua deki yetu mbovu ya DVD na za majirani wawili, nikatoa humo vijidude vya kutoa mwanga, vidogo kama punje. Cha kwanza nilikiunga moja kwa moja kwenye betri, kikafa papo hapo. Cha pili nikageuza chanya na hasi, nacho kwaheri. Cha tatu nikakiwekea rizista ya kupunguza umeme na lenzi mbele. Kikawaka! Nilipiga kelele mpaka mume wangu akaja mbio na ndoo ya maji. Jioni ile ile akanitengenezea meza ya kazi, mimi nikinung'unika kwamba ananijazia vumbi la mbao.

Siku ya nne wakaja watu wa chama cha waashi, kumi na mmoja, kutafuta mwalimu wa chuo cha ufundi. Magoti ya mume wangu yamekataa ngazi; kazi ile ndiyo pekee iliyomfaa. Akiikosa, atashinda nyumbani akinifundisha kukata vitunguu, na mmoja wetu ataishia jela.

“Mama watoto,” akasema kwa majivuno, “hebu mulika ukuta wangu wauone ulivyonyooka.”

Nikaweka leza kwenye kona, kidole kimoja kutoka ukutani. Kona ya pili nikabandika karatasi. Doa jekundu halikufika kwenye karatasi. Lilikwama katikati, juu ya kitambi cha ukuta ambacho miaka yote nilidhani ni kivuli cha kabati.

“Mwanga umepinda,” akasema mume wangu.

“Mwanga haupindi, baba watoto.”

“Shemeji, twende kwa utaratibu,” akaingilia mwenyekiti. “Ukuta una miaka mingapi?”

“Thelathini.”

“Na mwanga?”

“Siku nne.”

“Sasa hapo nani wa kumsahihisha mwenzake?”

Wakapiga kura. Kumi wakasema mwanga umepinda. Wa kumi na moja akavuta uzi wake, nao ukagusa kitambi. Akaambiwa uzi una unyevu.

Damu ikanichemka. Nikahamishia leza kwenye meza yangu, nikainama kumulika ukingo wake, niwaumbue wote kwamba mwanga haupindi. Mstari mwekundu ukakimbia toka mwanzo hadi mwisho bila kukatika hata unywele. Meza ile mume wangu aliitengeneza kwa jioni moja, amepiga yale magoti mabovu sakafuni. Nikaona aibu kumkosesha kazi. Nikaufunika mwanga kwa kiganja kabla wengine hawajasogea, lakini mume wangu alikuwa ameshauona.

“Umepinda,” nikawaambia. “Nilikosea kufunga lenzi.”

Kazi akapewa. Jumatatu asubuhi alifunga mkoba wake, kisha akasimama mlangoni akikuna shingo.

“Ule mwanga wako uliopinda,” akasema bila kunitazama, “niazime. Nataka vijana waanze nao, wasije wakajenga kama mimi.”

Nikamfungia leza kwenye kitambaa safi, pamoja na betri ya akiba.

“Usimmulike mtu machoni,” nikamwambia.