Mkoba Ulionyofolewa Lebo

Haya, wewe uliyeketi hapo, nakutupia kitendawili, ukidake. Nina shangazi hana hata jino moja. Namlisha funguo, leso, chanuo na miwani, hatafuni wala hamezi, na kila alichokula nikikitaka ananirudishia kizima. Ni nani huyo?

Usikune kichwa mpaka utoke upara. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ndiyo sheria ya vitendawili, anayeshindwa hutoa mji, na mtegaji akishaupokea ndipo hufumbua. Jibu ni mkoba. Mji wako uweke pembeni kwanza, maana katika habari hii ninayokupa, mji ndio uliowatoa watu jasho.

Palikuwa na msusi mmoja, binti wa watu, mwepesi wa vidole na mzito wa maneno, ambaye ndoa yake ilikuwa bado mbichi. Mume hakuwa na tatizo, fundi wa majokofu, mpole kama maji ya mtungini. Shughuli ilikuwa kwa mama mkwe. Mtaa mzima walimwita Mkaguzi. Mama huyo alifanya kazi kwenye karakana ya mikoba ya ngozi tangu usichana mpaka mvi zikamkuta mezani. Alianza na sindano, akaishia kwenye ile meza ya mwisho ambayo mkoba hauvuki bila kupinduliwa ndani nje na kutazamwa kila mshono.

Kazi aliiacha, lakini mkono haukujua kama umestaafu. Alipindua foronya za wenyeji wake kabla ya kulalia. Alipindua sare za shule za wajukuu. Siku ya harusi, wapiga picha wanangoja, alimwinamisha bwana harusi, akageuza ukosi wa koti lake, akautazama mshono, akaguna, ndipo akamruhusu kwenda kuoa.

Msusi alipata fungu lake mapema. Mwezi wa kwanza alimshonea mama mkwe mapazia. Mkaguzi aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akayapindua.

"Mshono huu umesinzia, mke wa mwanangu," alisema. "Tuuamshe."

Kufika jioni yote yalikuwa yamefumuliwa na kushonwa upya, na chai ikaletwa na vicheko vikapigwa. Hapakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililomchoma Msusi. Mtu akikukasirikia utamjibu. Asipokukasirikia utamjibu nini? Na lile "mke wa mwanangu" nalo. Wifi yake aliitwa mwanangu, jirani aliyekuja kuomba chumvi aliitwa mwanangu, muuza mkaa aliitwa mwanangu. Yeye alibaki mke wa mwanangu, kama mgeni aliyeingia kwa tiketi ya mtu mwingine.

Lakini usidhani alimchukia. Alimhusudu, tena kwa husuda njema. Alipenda kumtazama akichambua maharage, vidole vikikataa bovu kabla macho hayajaliona. Alipenda alivyokaa mgongo wima kwenye kigoda, alivyokunja shuka pembe kwa pembe kama anafunga siri. Msusi mwenyewe aliishi kwa vidole, na anayeishi kwa vidole hujua vidole vya bingwa. Alitamani mama yule amtazame hivyo hivyo, hata mara moja tu.

Na kulikuwa na ajabu moja. Mwanamke aliyepitisha mikoba ya maelfu ya watu alitembea na kifuko cha kitambaa.

"Mama, hukuutaka hata mmoja?" Msusi aliwahi kumuuliza.

"Nimeishika yote," Mkaguzi alijibu. "Mpishi hali sufuria zima."

Ndipo Msusi alipoamua. Bahashishi za wateja zikaanza kuingia kwenye kopo tupu la mafuta ya nywele, na kopo lilipokataa kufunga alivaa vizuri, akaenda kwenye duka kubwa lenye vioo, akanunua mkoba wa jina. Na si jina la kubahatisha, ni lile ambalo hata mtoto wa chekechea akiliona kwenye gazeti anakuonyesha kwa kidole. Rangi ya kahawa iliyokaangwa, vishikio viwili, zipu ya shaba. Aliubeba mpaka saluni kama anayebeba mayai.

Wifi yake alikuwa amekuja kusukwa. Huyu naye kazi yake ilikuwa kuuza mikoba, kwenye duka jingine, na ulimi wake haukuhitaji mafuta.

"Fungua tuone basi, usitufiche kama kuku anayetaga."

Msusi akafungua. Wifi akapiga mluzi, akaupapasa, akasifu ngozi, akasifu zipu. Kisha akageuza kimfuko cha ndani, akasoma, akasoma tena.

"Wifi."

"Abee."

"Umesoma hapa?"

"Nisome nini tena? Jina si liko nje?"

"Jina la nje ni la mwenye hoteli. Humu ndani ndimo anamotajwa aliyepika."

Kilikuwa kijilebo cha ngozi, kidogo kuliko ukucha wa dole gumba, kimeshonwa pembe nne kwenye bitana. Kilitaja nchi, na haikuwa nchi ya wenye jina, ile ya mbali inayosifiwa kwa ngozi. Kilitaja nchi yao wao wenyewe, na chini yake mji wao, huu huu waliokuwa wamekaa, saluni, kioo chenye ufa na vyote.

Msusi akauvuta mkoba kwake. "Ni bandia?"

"Bandia ningeinusa toka mlangoni. Huu ni halisi, mwenye jina amewapa watu wa hapa wamshonee. Lakini ngoja nikwambie ya dukani kwangu. Nikiletewa miwili pacha, mmoja umeandikwa kwao, mmoja umeandikwa hapa, bei moja, ngozi moja, mteja anapindua, anasoma, anachukua wa kwao. Huu wa hapa unabaki naufuta vumbi."

"Sasa ubaya wake ni nini?"

"Nimesema ubaya mimi? Nasema watu. Nani atavuka mto kununua maji yaliyotoka kwenye mtungi wake mwenyewe?" Wifi akacheka, akaketi, akatoa kichwa kisukwe. "Na unampelekea nani? Mama. Bingwa wa kupindua. Mimi hiyo siku siikosi hata nikiwa na homa."

Msusi alimsuka hadi mwisho. Wifi alipoondoka, Msusi alifunga mlango nusu, akakaa na mkoba mapajani. Akaiona akilini meza ya mama mkwe, akamsikia akisema mkoba huu nao umesinzia, mke wa mwanangu. Akachukua kiwembe chake cha kufumulia nywele, akaingiza ncha chini ya uzi, akakata, akavuta. Mkono uliozoea kufumua vichwa vya watu bila kung'oa unywele haukuacha hata mkwaruzo kwenye bitana. Kijilebo akakitia mfukoni. Kisichoonekana hakiulizwi, alijiambia.

Alisahau jambo ambalo msusi kuliko wote hapaswi kulisahau. Ukifumua, njia hubaki kichwani.

Jumapili wakaenda kula kwa Mkaguzi. Baada ya kula, meza ikafutwa, na mume akasema, "Mama, mkweo ana kitu chako."

Mkaguzi alipoona ni nini, aliinuka. Alikwenda kunawa mikono. Akaikausha, kidole kimoja kimoja. Akatandika kitambaa cheupe mezani, karibu na dirisha, akavaa miwani, akauweka mkoba katikati, akarudi nyuma hatua moja. Nyumba nzima ikatulia kama darasa lililoona mwalimu mkuu mlangoni.

Kwanza aliutazama ulivyosimama mtupu. "Haujaegemea," alinong'ona. Kisha akafumba macho, akaivuta zipu, akaifungua, akaifunga, ameinamisha sikio. Akapitisha ukucha kwenye ukingo uliopakwa rangi, mwanzo hadi mwisho, akitafuta pa kukwaruzika, akapakosa. Akakunja kishikio, akakiachia, kikarudi chenyewe kama tawi bichi. Akaunusa. Msusi alisahau hofu kwa dakika nzima, maana hajapata kuona kitu kikitazamwa hivyo. Hata yeye mwenyewe, kopo lake lote la mafuta ndilo lililonunua mkoba ule, lakini hakuwa ameuona mpaka sasa.

"Mh," alisema Mkaguzi.

Mume na wifi wakatazamana. Mh ya mama ilikuwa haitolewi ovyo. Koti la harusi lilipata nusu yake.

Kisha akapindua bitana. Kidole kikateleza, kikafika kwenye kimfuko cha ndani, kikasimama.

"Hapa palikuwa na kitu."

Mume akagundua dari inahitaji kutazamwa. Wifi akakohoa.

"Pembe nne, matundu masafi," Mkaguzi akaendelea, pua karibu inagusa kitambaa. "Aliyefumua hakuwa na pupa. Ana mkono mzuri." Akainua macho juu ya miwani, akayatua usoni pa Msusi. "Mzuri sana."

"Mama, wewe muulize umetengenezwa wapi," wifi alisema. "Muulize tu."

"Haya. Umetengenezwa wapi, mke wa mwanangu?"

Msusi alikuwa na mkono mfukoni, na kijilebo kiko katikati ya vidole viwili, kimepata joto. Akitamka, zawadi yake ni maji ya mtungi. Asipotamka, ni mwongo. Akajaribu kupita pembeni.

"Kwani mama, nchi ina maana sana?"

Mkaguzi hakuona kama amekwepwa. Aliketi, akalifikiria swali kama alivyofikiria zipu.

"Ina maana kidogo, tusidanganyane. Kuna nchi zimeijua ngozi tangu mababu, mtoto anakua anainusa, na pale utapata mabingwa wengi zaidi. Hilo silikatai. Lakini nimepitisha mikoba na nimekataa mikoba, na wote walikuwa wa chumba kimoja, mlango mmoja, mwajiri mmoja. Meza ya dirishani wanashona dhahabu, meza ya chooni wanashona aibu. Sasa hapo nchi utaisifu au utaitukana? Nchi haishiki sindano, mke wa mwanangu." Akavuta kishikio karibu. "Hebu nimwone aliyeishika."

Akakigeuza kishikio kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama. Akachukua na cha pili, akavilaza sambamba. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Njooni muone," alisema, na sauti ilikuwa imepungua. "Hii ni sindano mbili na uzi mmoja, mkono kwa mkono, si mashine. Mshonaji wa mkono wa kulia, mishono yake huinama huku. Tazama hii. Imeinama kule. Huyu ni mashoto."

Wifi, ambaye alikuwa ameuza mikoba mingi kuliko idadi ya nywele alizosukwa, akainama kutazama, akapitisha kidole juu ya mishono.

"Nilikuwa naye mmoja," Mkaguzi alisema. "Kasichana kembamba, kamechelewa kuanza. Msimamizi alitaka kumwondoa, kwa sababu kishikio chake kikikutana na cha mwenzake, mkoba unaonekana una mvua mbili, moja inapiga huku, moja kule. Nikamwambia, bwana, acha ashone vyote viwili. Vitafanana vyenyewe kwa vyenyewe. Akabaki. Na kila tukimaliza kushona, sisi sote tulirudisha nyuma mishono miwili ili uzi usitoke, yeye anarudisha mitatu. Nikimuuliza wa tatu wa nini, ananijibu, wa safari, mama."

Akaweka kidole mwisho wa kishikio. Wote wakahesabu kimoyomoyo. Mitatu.

"Karakana ilipofungwa tulitawanyika kama kuku walioona mwewe. Wapo waliosema amevuka mipaka, wapo waliosema hajatoka hata mtaa. Kila nikipita kwa mtu mwenye mkoba natupa jicho kwenye vishikio. Ndiyo maana sikuwahi kuutaka wangu, nilikuwa nautafuta wake." Akaukumbatia mkoba tumboni kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. "Umeniletea kitu, mwanangu. Hujui ulichoniletea."

Msusi alilisikia neno lile. Alilisikia likipita, halikupigiwa ngoma, limewekwa tu mahali pake kama kijiko mezani.

"Sasa nakuuliza tena, na si kwa ukaguzi," Mkaguzi alisema. "Hiki ni kitendawili na kimenishinda, nakiri mbele ya wanangu. Kesho asubuhi nitamfuata popote alipo, kama ni kwa basi au kwa ndege, nijue tu pa kuanzia. Nakupa mji, chukua wowote uutakao, ila nifumbulie. Umetengenezwa wapi?"

Msusi akatoa mkono mfukoni, akakiweka kijilebo juu ya kitambaa cheupe, palepale pembeni ya mkoba.

"Mji wowote, mama?"

"Wowote."

"Basi nauchukua huu huu tulioketi. Umetengenezwa hapa."