Zahanati Isiyo na Wagonjwa

Kwenye skrini, zahanati ile ilikuwa na sifuri miezi yote ya mvua. Hakuna mgonjwa, hakuna mjamzito, hata mtoto wa chanjo hakuna. Basi katika orodha ya zahanati za kufungwa, ikakaa juu kabisa.

Mama Vyura hakuridhika. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa idara ya takwimu walipojua kwamba ujana wake aliumalizia mabwawani, akitafiti vyura. Ufadhili ulipokatika alijiambia mkono mtupu haulambwi, akahamia serikalini, akijifariji kwamba hesabu ni hesabu popote. Lakini bwawani usiposikia chura huandiki kwamba hayupo. Huenda upepo umemeza sauti yake. Unaandika hujui, kisha unarudi.

Akapiga simu. Muuguzi wa zahanati alicheka kicheko kisicho na furaha.

"Sina wagonjwa mimi? Dada yangu, barabara ilikatika, mtandao nao ukakatika, ripoti zingetokaje? Watu wameletwa hapa kwa machela. Nimezalisha mpaka mgongo umekataa kunyooka!"

"Mko kwenye orodha ya kufungwa. Nitumie hesabu zako sasa hivi."

Zilipofika, alizikimbiza kwa mkurugenzi kama mtu aliyeokota lulu. Mkurugenzi alizisoma zote, tena kwa makini. Hakuwa mtu mbaya.

"Nakuamini," alisema. "Ila mfumo wetu hauna nafasi ya 'hatujui'. Pasipo na kitu, unaweka sifuri. Na orodha imeshasainiwa."

"Si tuirekebishe, bosi?"

"Tukimfungulia mmoja, kesho wote wako mlangoni. Maji yameshamwagika, mama. Hata vyura wako hawawezi kuyazoa."

Alirudi mezani kwake akijiona mjinga. Miaka yote ile aliamini kwamba ukweli ukishapata namba, utajitetea wenyewe. Kumbe nao huhitaji kuwahi foleni. Alitamani kulia, akaona haya mbele ya wenzake.

Simu ikaita. Muuguzi.

"Dada, zimefika?"

"Zimefika."

"Na wakubwa wameziona?"

"Wameziona, lakini..."

"Afadhali! Ngoja niwaambie hawa kina mama hapa kwenye benchi, tangu asubuhi roho zao ziko juu."

Muuguzi aliweka simu mezani bila kuikata. Sauti yake ilisikika kwa mbali ikitangaza, kisha vigelegele vikapasuka, na mtoto mmoja akaanza kulia kwa kushtuka.

"Subiri," Mama Vyura alisema. "Dada, subiri kidogo."

Huko hakukuwa na wa kumsikia.