Wimbo wa Maraea na Mama Aliyechelewa

Tangu sahani za kwanza za karamu ya tuzo zilipoletwa, Te Paea aliigeuzia meza mgongo. Mapajani alikuwa na picha ya bintiye Maraea, imezungushiwa majani mabichi, na kwao picha ya marehemu haikai pamoja na chakula. Mhudumu alimletea nyama ya kondoo na viazi vitamu, akaambiwa aondoe. Akaleta tena, akaambiwa vilevile. Wenzake wa mezani, watu wa jiji la Auckland waliovaa vizuri, waliona bibi huyu ana maringo. Waone watakavyo. Yeye alikuwa ametoka mji wake mdogo wa Wairoa kwa jambo moja tu.

Chama cha watunzi wa nyimbo kilikuwa kimepiga kura yake ya kila mwaka, na wimbo uliochaguliwa kuingia katika hazina ya nyimbo kuu za nchi ulikuwa wa Maraea. Hakuna asiyeujua. Huimbwa uwanjani timu ya raga ikishinda, huimbwa harusini, huimbwa na walevi wakifukuzwa baa. Aliyekuwa hajamwimbia Maraea wimbo huo hata mara moja ni mama yake.

Maraea alipotimiza miaka ishirini na mmoja alisimama katika nyumba ya ukoo akawashukuru watu wake. Kwao, mtu akimaliza kusema, jamaa zake husimama nyuma yake wakamwimbia. Asiyeimbiwa ameachwa uchi. Maraea alimwomba mama yake aanzishe ule wimbo alioutunga. Te Paea, mwanzishaji wa nyimbo za ukoo mzima, alisema mbele ya wote kwamba vinyimbo vya baa haviimbwi pale, akabaki kitini. Wengine wakamtazama yeye, nao wakabaki. Binti alisimama peke yake hadi kimya kikawa aibu, kisha akaenda jikoni kuosha vyombo. Majira ya baridi yaliyofuata gari lake liliteleza kwenye barafu, akafa kabla hawajapatana.

Kwa hiyo Te Paea alikuwa amejifunza wimbo ule, beti zote, kutoka kwenye kanda ambayo Maraea alijirekodi akiwa na gitaa tu, taratibu, karibu kama anabembeleza mtoto. Hōhepa, mpwa wake aliyekuwa akimpigia Maraea gitaa, ndiye angepokea tuzo na kusema.

"Ukimaliza tu nasimama," alimwambia walipokuwa wakiingia. "Asinisaidie mtu. Safari hii namwimbia mwenyewe."

"Sawa, Shangazi."

Hōhepa alipokea, akasema maneno machache mazuri, akamaliza. Te Paea akainuka, picha kifuani. Sauti ilitoka safi. Aliimba mstari wa kwanza taratibu, kama ulivyo kwenye kanda, na ukumbi ukageuka kumtazama.

Ndipo wakautambua. Mtu akapiga mluzi. Meza ya nyuma wakadakia, na mstari wa pili ukaimbwa na ukumbi mzima, upesi upesi kama uwanjani, vijiko vikigonga glasi, watu wazima wamekumbatiana mabegani. Waliimba kwa mapenzi ya kweli, na hilo ndilo lililomuumiza, maana hakuwa na wa kumkasirikia. Alijaribu kuwarudisha kwenye mwendo wake. Akapaza sauti, hakujisikia hata mwenyewe. Kwenye ubeti wa mwisho, ule aliokuwa akilia kila alipojifunza, alifunga mdomo akaketi. Wao waliumaliza kwa vigelegele.

Hōhepa alirudi mezani macho yamejaa machozi ya furaha, akachuchumaa mbele yake.

"Umeona, Shangazi? Wamesimama wote. Wamemwimbia wote."

"Wote," alisema Te Paea. "Isipokuwa mimi."

Alianza kuyapanga upya majani yaliyolegea kwenye picha, yakamdondoka, ikabidi Hōhepa amfungie.