Macho Ndani ya Buibui

Wanjugu aliketi ukingoni mwa kiti, amemkumbatia mwanawe mchanga, Wachuka. Moyo ulimwenda mbio hata akahofia mtoto ataamka kwa kishindo chake.

Mbele yake aliketi Memsabu Sally, daktari wa Kizungu asiyekuwa na sindano wala dawa. Nakuru nzima ilisema huyo hutibu watu kwa mazungumzo tu, na kila mtu kwa namna yake. Mzungu wa Solai aliyelala na bunduki kitandani alimlaza kwenye kochi akamwacha aseme. Mhindi wa dukani aliyenawa mikono mpaka ikachubuka alitembea naye bustanini. Wanjugu naye aliwekewa kiti karibu na dirisha, na kikombe cha uji, maana Sally aliona ananyonyesha. Uji ulikuwa umepoa bila kuguswa.

Tangu mumewe, Gachanja, achukuliwe, Wanjugu hakuwa ametamka neno. Leo ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Asiposema, angepelekwa Nairobi kwenye hospitali ya wenye wazimu, na Wachuka angepelekwa kulelewa na watu baki. Alilijua hilo vizuri. Alitaka kusema. Lakini kila neno lilipofika kooni, alimtazama mtu wa tatu mle chumbani, nalo likarudi chini.

Mtu huyo alikuwa mkalimani, Kuluthum wa mtaa wa Bondeni, aliyejifunza Kiingereza kwa kulea watoto wa mwalimu wa Kizungu. Alivaa buibui jeusi, uso umefunikwa, macho tu ndiyo yaliyoonekana.

Wanjugu alijua kwamba wanawake wa Kiislamu mjini huvaa hivyo. Lakini kule shambani walikoishi, watu walipopangwa mstari na askari waliosaka wapiganaji wa msituni, aliletwa mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Hakusema lolote. Alimtazama kila aliyesimama mbele yake, na akiitikia kwa kichwa, huyo alipandishwa lori. Alimtazama Gachanja. Akaitikia. Mpaka leo hakuna aliyejua mtu huyo wa gunia ni nani. Kama aliweza kuingia ndani ya gunia, angeshindwaje kuingia ndani ya buibui?

"Muulize kama mtoto alilala vizuri," Sally alisema.

Kuluthum aliuliza kwa Kiswahili, sauti yake laini, kisha akaitikia kwa kichwa kama ilivyokuwa desturi yake, kumtia moyo.

Wanjugu alimfunika Wachuka uso haraka kwa kanga.

Sally aliona, akafikiri mgonjwa anahisi upweke. "Kaa karibu naye," akamwambia Kuluthum.

Kuluthum alisogeza kiti. Wanjugu aliruka mpaka ukutani, akajikunyata, jasho likimtoka. Kikombe kilianguka, uji ukatapakaa sakafuni.

"Wazimu kabisa huyu," alisema Wamalwa, askari aliyesimama mlangoni. "Memsabu, nilete ile kamba?"

"Hapana!" Sally alisema. Akarudi nyuma, akaketi sakafuni kando ya uji uliomwagika. "Kuluthum, nimekosea. Haniogopi mimi. Anakutazama wewe. Kwa nini?"

Habari za mtu wa gunia zilikuwa zimefika hata Bondeni. Kuluthum akamtazama mama yule, akaitazama ile kanga juu ya mtoto, akaelewa kwa nini anaogopwa.

"Askari, toka nje," alisema.

"Mama, nimeambiwa nilinde hapa."

"Linda mlango kutoka upande ule! Unataka kuuona uso wangu, umwambie nini mume wangu?"

"Aa, hapo simo," Wamalwa akasema, akatoka, akaufunga mlango.

Kuluthum akauinua ushungi. Ulikuwa uso wa mama wa makamo, mashavu yamejaa, jino moja la mbele halipo, machozi yakimlengalenga.

"Mimi ni Kuluthum, mama Darweshi," alisema. "Nitazame utakavyo."

Wanjugu alimtazama kwa muda mrefu. Midomo yake mikavu ikatikisika.

"Ulikuwa unaitikia nini?" Sauti ilikuwa kama ya mtu aliyefufuka. "Ulikuwa unamwonyesha nani?"

"Hakuna, mama. Nilikuwa nakutia moyo useme."

Wanjugu aliketi sakafuni palepale. Macho yalikwenda mlangoni, kisha kwa Sally.

"Huyu haandiki majina?"

Kuluthum alitafsiri. Sally akaonyesha viganja vitupu. "Nitaandika moja tu: mama huyu anasema, na abaki na mwanawe."

Wanjugu alimfunua Wachuka uso.

"Basi jifunike, dada, askari asije akakuona," alimwambia Kuluthum. "Mimi nimeshakujua."

Kisha, kwa sauti ya chini, akaanza kueleza habari za siku ile ya lori.