Sala Iliyosahau Kurudi

Jana nilipitiwa na usingizi kabla sijamaliza rozari, na hapo hapo nikaota kwamba darasa letu la jioni limekodi basi kwenda kuyaona magofu ya Warumi.

Nieleze kwanza, ili asiyetujua asipotee njiani. Mimi ni Yustina Mgimba, mshona sare za shule hapa Mafinga, na nina miaka hamsini na sita. Mwaka jana nilianza kidato cha kwanza kwenye darasa la jioni, katika ukumbi wa parokia. Sikwenda peke yangu. Nilimvuta wifi yangu Editha, mdogo wa marehemu mume wangu, tukakaa dawati moja na kutumia kitabu kimoja cha historia.

Wiki tatu zilizopita Mwalimu Chaula alimwambia Editha asome kwa sauti habari za Warumi. Wifi yangu husoma polepole, kidole kikifuata mstari kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Mimi, nikidhani namsaidia, nikawa namdakia. Akifika "ma", mimi nasema "magofu". Akifika "ba", mimi nasema "barabara". Darasa zima likacheka. Editha alikifunga kitabu, akanisukumia, na tangu jioni ile hajarudi. Kila usiku nimemwombea arudi. Kumwambia yeye mwenyewe anisamehe ndiko nilikoshindwa. Nimegundua kwamba kumwomba Mungu ni rahisi kuliko kumwomba wifi.

Basi, katika ndoto ni asubuhi, na basi limesimama mbele ya parokia. Mwalimu Chaula anasoma sheria za safari. Sheria ya kwanza inasema kila mtu awe na mwenzake, na asiye na mwenzake hahesabiki. Kiti cha pembeni yangu ni kitupu. Mwalimu anapita akihesabu, anafika kwangu, ananitazama, haoni mtu. Anaandika wanafunzi kumi na wanane. Nikamwambia tuko kumi na tisa. Akaniuliza nani anazungumza, nikamjibu ni Yustina, akasema amefurahi kusikia hivyo, lakini kuhesabika ni kitu kingine.

Kisha akaomba sauti iliyotoka kwenye kiti changu, alichokiona kitupu, itusalie safari, kwa kuwa inajulikana kwa kusali vizuri.

Nikasimama. Nilisali kwa bidii, sifichi. Nikaombea tairi la mbele kushoto, nalo likaitikia amina. Nikaombea la kulia, likaitikia. Nikaombea ya nyuma yote manne, breki, usukani, na macho ya dereva wetu Mzee Ngailo, kila jicho kwa zamu yake. Nikaombea ng'ombe wanaovuka bila kutazama. Nikaomba tufike salama, tufike mapema, tufike wote. Nilipomaliza, injini ikashukuru kwa niaba ya chombo kizima, tukaondoka.

Tukapita msitu wa misindano, ile misonobari ya kwetu. Kwenye kituo cha mizani afisa akauliza tumebeba nini. Mwalimu Chaula akajibu kwa fahari kwamba amebeba elimu ya watu wazima. Mizani ikasoma sifuri. Afisa akatuambia tupite tu, hatuna kitu.

Baada ya hapo lami ikageuka mawe yaliyopangwa, na misindano, bila kubadili foleni yake, ikawa nguzo.

Aliyetupokea alikuwa sanamu la mwanamume aliyevaa shuka ya marumaru. Hakuwa na kichwa. Mahali pa kichwa ameinua mwavuli wa kijani ili tusimpoteze.

Nikampa salamu ya kwetu kwa heshima, kwa sababu alionekana mtu mzima sana.

"Kamwene."

"Kamwene, mama. Mnisamehe kwa hali yangu. Kichwa kiko jumba la makumbusho, ng'ambo. Kinawasalimu."

Tukasema salamu zimefika. Mwongoza wageni yule akatueleza kwamba tuna dakika arobaini, akaanza kutugawia. Zilikuwa zimefungwa kwenye vifuko vya gazeti, bado za moto, kama karanga. Nami nikapata zangu. Yeye hana macho, kwa hiyo hakuwa na shida ya kutoniona.

Akasema tusiguse mawe. Mawe yakalisikia hilo, na kila tulipokaribia yalisogea kando, kwa adabu, yakisema samahani. Nguzo moja tu haikusogea. Ilikuwa imelala chali kwenye nyasi. Nikaipa pole kwa kuanguka. Ikanijibu kwamba haikuanguka, ilisimama miaka mia nne bila hata siku moja ya likizo, sasa imejilaza, na ingependa watu waache kuipiga picha ikiwa imelala.

Wenzangu wakaenda wawili wawili. Mimi nikatembea peke yangu, na kwa kuwa sihesabiki, hata kivuli sikuwa nacho.

Ndipo nikasikia ufagio.

Unautambua ufagio wa mtu uliyeishi naye. Viboko viwili virefu, kimoja kifupi. Nikaufuata hadi kwenye nyumba isiyo na paa wala mlango, kuta zake zikiishia magotini. Ndani yake Editha anafagia. Amejifunga kanga yake ya msibani na amefunga kitambaa kichwani, kama mtu aliyehamia hapo siku nyingi.

Ningeweza kuruka ukuta. Lakini ukuta ni ukuta, hata ukiwa mfupi. Nikazunguka mpaka mahali ambapo mlango ungekuwepo, nikasimama.

"Hodi."

Akaendelea kufagia.

"Hodi hapa."

Akafagia kona. Hodi zinaisha na ya tatu, kila aliyelelewa analijua hilo. Usipojibiwa unaondoka. Kifuko changu kilikuwa kimepungua hadi nusu.

"Hodi, wifi."

"Karibu," akasema bila kuinua kichwa. "Pita, ila usinikanyagie nilipofagia. Nyie wasomi mna miguu mizito."

Nikapita kwa ncha za vidole. Nikamuuliza habari za siku nyingi, akasema nzuri. Nikamuuliza amefikaje, akasema kwa miguu, maana kwake si mbali kama kwetu tunaopanda basi. Nikamwambia twende, darasa linamngoja. Akanicheka kidogo, kicheko kile cha wifi ambacho hakina meno lakini kinauma. Akasema anakaa hapo. Hapo kila kitu kimevunjika na hakuna anayemcheka mwenzake.

Chini ya ufagio wake vumbi lilikuwa limeondoka, na sakafu imetokea, vijiwe vidogo vya rangi vilivyopangwa kuwa herufi. Sakafu yenyewe ikaingilia mazungumzo.

"Mwache. Maprofesa huja hapa, hunisoma mara moja, huondoka. Huyu ananisoma herufi moja moja. Tangu nitengenezwe sijawahi kusomwa hivi."

"Na inasema nini?" nikauliza.

"Sijamaliza," akasema Editha. "Ningoje."

Akaupigia goti mstari, akaweka kidole juu ya kijiwe cha kwanza.

"A," akasoma. "A-li."

Dakika moja ikatoweka kwenye kifuko changu. Nikaisikia inavyoondoka, kama karanga inayodondoka.

"A-li-ye."

Mimi hapo nimeshaliona neno lote. Nimeuona mstari wote mpaka mwisho. Neno likanipanda kooni, likafika kwenye ulimi, likaanza kunisukuma meno. Nikatia ncha ya mtandio mdomoni, nikaung'ata. Zikatoweka dakika tatu kwa mkupuo.

"A-li-ye-che."

Nikamwomba Mama wa Mungu anishikie mdomo. Kule mbali filimbi ya Mwalimu Chaula inalia. Editha amerudi mwanzo wa neno, kwa sababu kijiwe kimoja kimemponyoka. Nikaangalia mikono yake. Ni ile iliyomwogesha mume wangu alipokuwa hawezi tena kusimama, nayo haikuharakisha hata siku moja. Nikatulia. Nikagundua kwamba nasikiliza.

"Aliyechelewa," akasema Editha hatimaye, akapumua. Kisha akaenda kwenye maneno yaliyobaki, kijiwe kwa kijiwe, hadi ukutani.

"Aliyechelewa aingie. Chakula bado kipo."

Sakafu ikashusha pumzi. Nasi tukabaki tumepiga magoti bega kwa bega, wanafunzi wawili wa kidato cha kwanza wenye wajukuu tisa kati yetu.

Nikautoa mtandio mdomoni. "Nilikudakia maneno mbele za watu. Nisamehe, wifi."

"Ulinidakia," akasema. "Na halikuwa 'barabara'. Kitabuni lilikuwa 'baraza'. Nilikuwa nalijua."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ungenidakia."

Akaniangalia, akaona nina dakika mbili tu kwenye kifuko, akauliza nimezipeleka wapi nyingine. Nikamwambia zimekwisha hapo hapo nilipopiga magoti. Akazitazama zile mbili muda mrefu, kisha akauegemeza ufagio ukutani, akaufunga vizuri kitambaa chake.

"Ninyanyue," akasema. "Goti limekufa ganzi."

Tunakimbia, kama wanawake wa umri wetu wanavyokimbia, yaani tunatembea huku tukilalamika. Tunafika kwenye basi. Mwalimu Chaula anahesabu, na safari hii ananiona, ananiuliza nilikuwa wapi siku zote hizo. Wanafunzi ishirini, anaandika. Editha anakaa karibu yangu. Mzee Ngailo anawasha gari. Injini inaunguruma vizuri, lakini hatuendi kokote.

Injini ikaomba radhi. "Mimi ni mtiifu. Nimeombewa kufika, na nimefika. Kuhusu kurudi sikusikia neno."

Basi zima likanigeukia. Nikaipitia sala yangu yote moyoni, tairi kwa tairi, jicho kwa jicho. Tufike salama, tufike mapema, tufike wote. Kweli, sikuwa nimeomba turudi. Nikafungua mdomo kuongeza, lakini hakukutoka kitu. Mwongoza wageni akachungulia na mwavuli wake, akasema ndivyo ilivyo, mtu mmoja hufungua safari na mwingine huifunga. Akaongeza kwamba yeye na sanamu wenzake pia walikuja hapo kwa ziara, wakasali sala nzuri sana ya kwenda.

Vifuko vya wote vilikuwa vimekwisha. Mzee Ngailo ameshakuwa marumaru hadi kiunoni na analalamika kwamba pedali ni baridi. Pua ya Mwalimu Chaula imedondoka. Ameiokota, ameifuta vumbi na kuiweka mfukoni, na anatuomba tusipoteze nidhamu.

"Editha atusalie," nikasema.

Editha akanikazia macho. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye hajawahi kusali mbele za watu, najua hilo, hata kwenye jumuiya hujificha nyuma ya nguzo. Maneno humjia moja moja. Watu watangojea, watacheka.

"Waache wangoje," nikamwambia. "Mimi nitangoja."

Akasimama. Alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Mimi nikauziba mdomo wangu kwa mikono yangu yote.

"Baba," akasema.

Tukangoja. Vidole vyangu vya miguu vikaanza kuwa mawe, kimoja kimoja. Hakuna aliyemdakia. Mtu mmoja nyuma alikohoa, nacho kikohozi kikaomba samahani.

"Nyumbani tumeacha moto umefunikwa majivu."

Tukangoja tena. Magoti yangu yakawa mazito.

"Turudishe kabla haujazima. Wote. Na wifi yangu huyu, anayedakia." Akafikiri. "Amina."

Matairi yakaitikia, ya nyuma yakitangulia. Basi likaanza kurudi kama lilivyoombwa, yaani kinyumenyume, nguzo zikageuka misindano, mwavuli wa kijani ukitupungia hadi ukawa kama jani. Mwalimu alirudisha pua yake, ikakaa upande kidogo. Editha alilala kabla hatujafika mizani. Kichwa chake kilikuwa kizito begani kwangu, na mdomo wake wazi, kama zamani tukitoka shambani kwenye lori la kijiji. Basi liliposimama mbele ya parokia sikutaka kumwamsha. Nikakiegemeza kichwa chake dirishani taratibu, nikashuka ili nimwitie mtu wa kusaidia kumbeba.

Nikaamka. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya kitanda, rozari mkononi, miguu imekufa ganzi. Nje kunapambazuka.

Nikaichukua simu kuangalia saa. Kulikuwa na ujumbe wa Editha. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kuniandikia ujumbe maishani. Yeye hupiga mara moja na kukata, ili mimi nimpigie. Ulikuwa umeandikwa hivi:

"Wifi basi lilipofika mbona uliniacha dirishani. Nimeamka shingo imepinda. Leo jioni nipitie twende na usinicheleweshe."

Sikungoja jioni. Nilivaa kandambili, nikaenda kumwambia nikiwa macho yale niliyokwisha kumwambia usingizini.