Chumvi Ndani ya Mkebe

Mwalimu Zablon alikuwa na mdomo, na mdomo huo ndio uliomponza. Asubuhi ile Homa Bay, kwenye mashindano ya shule ya kurusha yai bichi kwa roketi bila kulivunja, kabla hata roketi ya kwanza haijaruka, alisimama mbele ya walimu wa shule nyingine akadai kila yai likishatua lipasuliwe kwenye bakuli, hadharani. Alisema anazijua shule zinazochemsha mayai ili yasivunjike, ila adabu inamzuia kuzitaja. Walimu wakatazamana. Jaji mkuu, Madam Bosibori, akasema sawa, itakuwa hivyo.

Yeye wasiwasi wa nini? Roketi yao ilikuwa kazi ya Bhoke, msichana wa kidato cha tatu kutoka Ogwedhi, mpole mpaka wenzake walimsahau darasani. Muhula mzima alikuwa akikata na kubandika: chupa ya plastiki ya soda, mabawa ya kadibodi, parachuti ya mfuko wa nailoni, na pale juu kiota cha sponji ya godoro cha kulalia yai bichi. Unaitia maji, unaijaza upepo kwa pampu ya baiskeli, unaiachilia. Mayai mangapi yaliangamia uwanjani kwao kabla kiota hakijakaa sawa, usiulize. Mshindi angekwenda kushindana Nairobi, na Bhoke alikuwa hajawahi kufika popote kupita Migori mjini.

Zamu yao ikafika. Bhoke akatoa yai mkebeni, akalilaza kiotani, akavuta kamba. Roketi ikapaa ikimwaga maji, parachuti ikafunguka vizuri ajabu, ikatua kwenye nyasi polepole. Yai zima, hata ufa hakuna. Zablon akaanza kupiga makofi kabla ya wengine.

Madam Bosibori akaligonga yai ukingoni mwa bakuli. Halikumwagika. Akagonga tena, akaanza kulimenya, na likatokea jeupe, limeiva, la kula na chai.

Uwanja mzima ukacheka. Zablon akasikia masikio yanawaka moto, maana alijua papo hapo. Alfajiri nyumbani kwake, akiwa nje anamhimiza Bhoke aliyekuja ili wasafiri pamoja, mke wake Damaris alimwambia kitu kuhusu mayai na njaa ya njiani, naye akajibu ndiyo, ndiyo, bila kusikiliza. Nani kwao husafiri na mayai mabichi? Damaris aliukuta mkebe kando ya begi, akayachemsha kama anavyomchemshia kila safari. Angelisema hilo, watu wangecheka wakaishia hapo. Lakini baada ya maneno aliyoyatapika asubuhi? Mdomo ule ule ukatafuta pa kuitupa aibu.

"Bhoke," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "hivi ndivyo nilivyokufundisha?"

Msichana akamtazama tu. Madam Bosibori akaandika jina lake kwenye orodha ya waliofungiwa, akasema hatashiriki tena mashindano hayo, mwaka huu wala ujao. Na mwaka ujao ndio ungekuwa wake wa mwisho shuleni.

Wakaanza kufungasha. Zablon alijiambia kwamba Bhoke atasahau, watoto husahau, maneno ambayo hata yeye hakuyaamini. Bhoke alikuwa ameinama, anatoa maganda ya mahindi waliyozungushia mayai mkebeni. Akasimama, akamletea kipande cha gazeti kilichokunjwa.

"Hii ilikuwa chini, Mwalimu. Ni chumvi ya kulia mayai," akasema. "Sijamwonyesha mtu."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira, Zablon angejua la kufanya. Alisimama pale, mtu mzima na tai yake, akatamani ardhi immeze. Kisha akarudi kwenye meza ya majaji, akafungua ile karatasi mbele yao, akaeleza yote: mke, mkebe, safari. Walimu wale wale wakasogea kusikiliza. Wengine wakacheka, ila bila ubaya. Madam Bosibori akachukua kalamu, akalikata jina la Bhoke orodhani.

"La mayai tumeelewa," akasema. "Hata mama yangu angeyachemsha. La mtoto je, Mwalimu? Yeye ulimtaja kwa nini?"

Zablon akafungua mdomo. Bhoke alikuwa nyuma yake, amekumbatia roketi, naye pia anangoja kusikia.