Kidole Kimeshatoka Kazini

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi Wakesho aliweka kidole kwenye mashine ya mlango wa nyuma. Ikawaka kijani na kusema "Asante" kwa ile sauti yake ya kike. Siku nyingine angeijibu kwa utani. Leo alipita tu, kama mtu anayengoja majibu ya hospitali.

Kwenye chumba cha kufulia, Immaculate alikuwa ameshaanza kukunja shuka. Akamtazama mara moja tu.

"Hujalala wewe."

"Nimelala kidogo."

"Uongo. Haya, kitendawili."

"Imma, sina moyo wa vitendawili."

"Kitendawili!"

"Tega basi."

"Saa nane kinaenda nyumbani, mwenyewe anabaki akifua mpaka saa mbili usiku."

"Kidole! Na unyamaze, utatufukuzisha sote."

Ndivyo hoteli ile ya kando ya barabara kuu, hapo Voi, ilivyoendeshwa. Ilipofika saa nane mchana, wafanyakazi wa zamu ya asubuhi walipanga foleni, kila mmoja akapiga kidole kuonyesha ametoka. Kisha wakageuka, wakarudi jikoni, kufulia na vyumbani. Wakaguzi wakija, meneja aliwachapishia karatasi za mashine: masaa manane, hakuna aliyezidisha. Hakuna mahali amri hiyo ilikuwa imeandikwa. Meneja Zephaniah aliisema siku moja huku akitabasamu: "Tupige kidole kwa wakati, halafu turudi kwa wakati." Waliouliza maswali siku hiyo hawapo tena.

Wakesho hakuuliza. Kwao Rukanga, ndovu walikuwa wamekula ndengu misimu miwili mfululizo. Alikuwa amekaa miezi kumi na mmoja akitafuta kazi mjini, na mwanawe Silvanus alikuwa kidato cha tatu. Basi alifua. Na mashine za kufulia zilipokuwa zikizunguka, yeye alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akatoa nyuzi zake za mkonge, akasuka vikapu. Alisuka muundo wa marehemu mama yake, ule alioutoa kwa nyayo za kanga waliopita shambani baada ya mvua. Mama aliuita nyayo za kanga, na ukitazama vizuri, kuna unyayo mmoja kila safu ambao umegeuka nyuma, kama ndege amesikia kitu.

Kikapu cha kwanza meneja alikiomba kwa upole, akakiweka mapokezi. Wageni wakakipenda. Akaomba vingine, na Wakesho akatoa, maana unamnyimaje mtu aliyekupa kazi? Kisha akapatikana mnunuzi wa ng'ambo, akataka muundo wenyewe. Jana jioni meneja akamwita ofisini, akampa karatasi ya Kiingereza.

"Ni ya kawaida tu, Mama Silvanus. Nenda nayo, kesho saa nane uniletee ikiwa na sahihi yako." Akaongeza akiwa anatazama simu: "Usipoileta, usijisumbue kupiga kidole asubuhi inayofuata."

Immaculate, aliyemaliza kidato cha nne, ndiye aliyemsomea wakiwa chooni. Ilisema muundo ule ulibuniwa na mfanyakazi wa hoteli, ndani ya saa za kazi, na kwa hiyo ni mali ya hoteli milele. Wakesho asingeruhusiwa kuusuka kwa ajili ya mtu mwingine yeyote.

"Hata kwetu?" aliuliza.

"Hata kwenu."

"Na shangazi zangu wakiusuka?"

Immaculate alikunja karatasi. "Hapo sijui, dada. Naogopa hata kufikiri."

* * *

Saa nne Wakesho alipelekwa ukumbini kusaidia kugawa chai. Wachumi wapatao ishirini walikuwa wamefika kwa treni, wengine kutoka Nairobi, wengine Mombasa, kujadili haki za wafanyakazi. Juu ya kila meza kulikuwa na kikapu cha nyayo za kanga, zawadi ya hoteli, kila kimoja na kibandiko chake. Wakesho alivisuka vyote yeye, wiki tatu, akiambiwa ni vya harusi.

Profesa Obadiah, mzee mwembamba mwenye shati la mikono mirefu, alikuwa amesimama. "Mashine zimetuongezea mazao mara ngapi? Na muda uliookolewa umeenda kwa nani? Mimi nasema siku nne kwa wiki, mshahara uleule. Mtu akalale, akacheze na wanawe!"

"Prof, unazungumzia wa ofisini," akadakia Daktari Kavinya, mama mnene mwenye kilemba cha manjano. "Wapo wanaofanya saba. Uanze kwa kuwatoa kwa saba."

"Haya, na ujuzi je?" Profesa akauliza. "Ujuzi haufai kuwa na mwenyewe. Mimi nikijifunza kusuka kutoka kwako, wewe hujapungukiwa. Hizi hakimiliki ni ua uliozungushwa kwenye kisima."

"Ng'oa ua basi! Kesho yake atafika mwenye lori la maji, si mama mwenye mtungi." Kavinya akakiinua kikapu juu. "Tazama hiki. Kibandiko kinasema ni muundo wa hoteli. Sasa niambieni, hoteli ina vidole?"

Ukumbi ukacheka. Wakesho akamwaga chai kwenye kisahani.

"Pole, dada, si wewe tunayekucheka." Kavinya akamgeukia, uso wake mwema. "Hebu tusaidie. Sisi tunabishana tu hapa. Wewe unafanya kazi masaa mangapi kwa siku?"

Kalamu ishirini zikasubiri. Mlangoni Meneja Zephaniah alikuwa amesimama, mikono nyuma, akitabasamu. Wakesho aliona maneno mawili yamekaa mdomoni mwake, moja la kweli na moja la kumrudisha kazini kesho.

"Manane," akasema.

"Manane tu?"

"Ndiyo, madam. Saa nane huwa nimeshatoka."

Wakaandika. Profesa Obadiah akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Wakesho akabeba birika tupu mpaka jikoni, akaegemea ukuta, akajifuta macho kwa kona ya aproni. Mpishi Munyoki akadhani ni vitunguu.

Meneja akamfuata mpaka hapo. "Umejibu vizuri sana," akamnong'oneza. "Ndivyo mtu anavyolinda kazi yake. Nakungoja na ile karatasi."

Akaenda zake. Wakesho akabaki ameshika sinia, na lile neno "vizuri" likawa linamrudia. Manane. Saa nane huwa nimeshatoka. Umejibu vizuri. Akaanza kuliangalia polepole, mbele na nyuma, jinsi mama yake alivyokuwa akigeuza kitendawili kigumu mpaka kipate pa kufungukia. Lilipofunguka, hakufurahi. Aliogopa zaidi.

* * *

Saa nane kasoro dakika kumi aligonga mlango wa ofisi. Dirisha lilikuwa wazi, na nje kidogo wachumi walikuwa wakila kwenye baraza.

"Ehe, Mama Silvanus. Umeleta?"

Akaiweka karatasi mezani. Mahali pa sahihi palikuwa peupe.

"Kalamu hii hapa."

"Bosi, sina ubishi." Akaigusa karatasi kwa kidole. "Ila karatasi inasema nilisuka nikiwa kazini."

"Si ulisukia hapo kufulia? Nilikuona kwa macho yangu."

"Nilisuka baada ya saa nane. Siku zote. Asubuhi sina hata nafasi ya kukaa."

"Kwa hiyo?"

"Mashine inasema saa nane nilikuwa nimeshatoka. Na nimewaambia wale wageni hivyohivyo, na wewe ukasema nimejibu vizuri."

Meneja akacheka, kisha akaacha. Akatazama dirisha. Profesa alikuwa akiomba ugali uongezwe, hatua chache tu kutoka pale.

"Punguza sauti."

"Nimepunguza, bosi. Kama nilikuwa kazini, basi mashine imedanganya miezi kumi na minne, tangu niajiriwe, na hayo masaa ni ya kulipwa. Kama nilikuwa nimetoka, nyayo ni za mama yangu. Mimi nitakubali lolote utakalochagua."

Akaisogeza karatasi mbele ya meneja.

"Nani amekufundisha haya? Yule Imma?"

"Hakuna. Ni kitendawili tu."

"Unajua kule getini nina barua ngapi za watu wanaotaka kazi yako? Unajua?" Alikuwa akinong'ona, na mnong'ono ule ulitisha kuliko kelele. "Wageni wanaondoka na treni ya jioni. Mimi na wewe tutabaki."

"Najua, bosi."

Karatasi aliiacha pale, mahali pa sahihi pakiwa bado peupe.

Foleni ilikuwa imeshaanza mlango wa nyuma. Immaculate akapiga kidole, "Asante," akarudi kufulia. Munyoki akapiga, akarudi jikoni. Wakesho akapiga. "Asante." Akaenda kufulia, akachukua mkoba wake na kikapu alichokuwa amekifikisha nusu, nyuzi zikining'inia, akavua aproni.

"Unaenda wapi?" Immaculate alishika shuka kifuani. "Wakesho! Nguo za vyumba vya juu hazijaguswa."

"Nyumbani."

"Saa hizi?"

"Kidole kimeshatoka. Nakifuata."

Getini, mlinzi Kituku alipekua mkoba kama desturi, akakiinua kikapu. "Hiki si cha hoteli?"

"Hicho kimesukwa baada ya saa nane."

Kituku, ambaye naye alikuwa amepiga kidole dakika tano zilizopita na bado amevaa sare, alirudisha kikapu taratibu ndani ya mkoba, hata akasaidia kuzikunja zile nyuzi.

Daktari Kavinya alikuwa pale nje akiongea kwa simu. Alipomwona akaikata, akatabasamu. "Ah, dada wa chai! Kumbe kweli saa nane mnatoka. Safi sana. Nitaitaja hoteli hii kwenye ripoti yangu, wengine waige."

Wakesho alifungua kinywa. Kule kwenye dirisha la ofisi, pazia lilisogea.

"Asante, madam," akasema.

Jua la saa nane lilimpiga usoni. Tangu aajiriwe hakuwahi kuiona barabara ile kwa saa hizo, vivuli vikiwa vifupi hivyo. Alitembea bila kugeuka, masikio yote nyuma, akingoja kuitwa jina. Hakuitwa, na hilo likamtisha pia. Kesho, saa kumi na mbili kasorobo, atakiweka tena kidole kwenye ile mashine, na atajua kama bado ana kazi. Akakikunja ndani ya ngumi, akaifunika ngumi kwa mkono wa pili, kama mtu aliyebeba kifaranga, akaendelea kwenda.